Kitanda cha Namba Kumi na Tisa

Haya, tegueni hiki: mgeni wangu huingia bila hodi na kutoka bila kwaheri, siku akitoka asirudi, majirani hunililia. Msijibu bado. Shikeni jibu mkononi.

Mjukuu wangu anatafiti pumu. Kazi yake ni kutazama kwenye hadubini vipande vidogo vilivyotolewa kwenye njia za hewa za wagonjwa, aone seli zao zinakasirishwa na nini. Vichupa havina majina, vina namba, mtu asije akampendelea wake. Maana hata mchumba wake, seremala mwenye mzio wa vumbi la mbao, alikuwa amejitolea humo.

Mchana mmoja alikuwa akicheka na mwenzake wa maabara.

— Kumi na tisa ni mwongo, mjukuu wangu akasema. Kaandika ameacha vumbi tangu mwaka jana. Seli zake zinasema juzi tu alikuwa analimeza.

— Mkewe ana kazi.

— Tena si uvimbe tu, dada. Ni makovu. Makovu hayarudi nyuma.

Jioni binti huyo akaja kwangu na seremala wake. Seremala alipovua koti, kadi ya kliniki ikadondoka. Binti akaiokota ampe. Ikamgandia mkononi.

— Wewe ndiye kumi na tisa.

— Namba tu hiyo.

— Uliniambia umeacha randa. Uliniambia unauza kwenye duka la misumari.

— Nauza. Asubuhi.

— Na jioni?

Kikohozi kikatangulia kujibu.

— Natengeneza kitanda. Chako.

Nikajitia katikati kwa utani, huenda moto ukapungua:

— Mume wangu, na mimi je? Mke mwenzangu huyu anapata kitanda kipya, mimi mjane nabaki na changu cha tatu na nusu, cha kulala mtu mmoja?

Hakucheka mtu.

— Cha futi ngapi? binti akamuuliza. Sita kwa sita?

Seremala akatazama sakafu kama anayeipima. Akavaa koti, akaniaga mimi peke yangu.

Binti akamwandikia ujumbe: “Vumbi lote hilo kwa ajili ya kitanda? Basi niambie hata ni cha futi ngapi.” Alama zikageuka buluu. Kimya. Siku ya pili kimya. Ya tatu akaapa mbele yangu kwamba hatamtafuta tena, huku simu ameilaza kifuani.

Ya nne ikalia. Dada wa seremala.

— Wifi, njoo hospitali. Tumemkuta karakana, ameanguka juu ya maranda.

Tulimkuta amefungwa barakoa ya oksijeni. Yule mgeni wa kitendawili changu, pumzi, alikuwa anaingia kwa kusukumwa na anatoka kwa kujikokota.

— Kimekwisha, akasema. Kimebaki vanishi.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungeniambia niache. Na daktari alishasema, hata nikiacha... makovu hayarudi nyuma.

Binti akaketi. Maneno yake mwenyewe, yale aliyoyasema akicheka, yalikuwa yamemrudia.

— Ungepumzika tu. Tungelala hata chini.

— Wewe ungelala chini. Mimi nikishaondoka.

Akamshika mkono. Vidole vya seremala vilikuwa bado vina gundi.

— Nimekuuliza siku nne, mpenzi. Futi ngapi?

Akainua barakoa kidogo.

— Tatu na nusu.