Panya wa Mistari Mitatu

Kengele ya mwisho ilipolia, Maswali hakuelekea nyumbani kama wenzake. Mama yake alikuwa kazini mpaka jioni, kwa hiyo yeye alipita njia ya nyuma ya shule, akavuka uwanja wa kuegesha magari, akagonga mlango wa chuma wa maabara ambako baba yake alikuwa mtunza wanyama. Jina la Maswali hakupewa na wazazi. Alipewa na mlinzi wa mlango ule, ambaye siku ya kwanza alihesabu maswali kumi na tisa kabla hajapata nafasi ya kujibu hata la kwanza.

Masharti aliyajua. Anawe mikono kwa sabuni, akae kwenye benchi la chumba cha vizimba, afanye kazi zake za shule, na asiguse kitu. Baba alivaa koti la kijivu na kuendelea na shughuli zake: kubadilisha maranda, kujaza chupa za maji, kupiga deki. Vizimba vilipangwa rafu juu ya rafu, na ndani yake walikaa panya weupe wenye macho mekundu, wasafi kuliko nusu ya watoto wa darasa la sita.

Panya wale hawakuwa na majina. Walitambuliwa kwa mistari ya wino mweusi iliyochorwa mkiani: mmoja mstari mmoja, mwingine miwili, mwingine mitatu. Kila baada ya siku chache Baba aliirudia mistari hiyo kwa kalamu, maana panya hujilamba na wino hufifia. Lakini yule wa mistari mitatu Maswali alimpa jina kwa siri. Alimwita Karani, kwa sababu alipenda kukaa kitako na kuchezesha vidole vyake kama mtu anayepekua faili asilotaka kulipata.

Jumatatu hiyo Daktari aliingia na sindano kwenye sinia. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno machache, ila hakuishiwa vitendawili.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kitendawili."

"Tega."

"Nakula viwili visivyoonekana, natapika kimoja kinachoonekana."

Maswali alifikiri mpaka akakunja uso. "Ng'ombe?"

"Ng'ombe gani huyo wa kula majani yasiyoonekana? Huyo angekufa njaa."

"Basi nakupa mji."

Daktari aliupokea mji, akainua sindano. Maji yaliyokuwamo yalikuwa na weupe hafifu, kama maji yaliyosuuza kikombe cha maziwa. "Humu mna chembe ndogo mno. Ncha ya pini ingebeba maelfu kwa maelfu. Kuna mwanga ambao jicho letu haliuoni, nao unapenya nyama vizuri kuliko mwanga wa taa. Ukiifikia chembe, chembe inameza punje moja ya mwanga huo, inangoja, inameza ya pili, kisha inaziunganisha na kutema punje moja yenye nguvu. Hiyo ndiyo tunayoiona, rangi ya kijani. Nyama na damu hazijui mchezo huo. Kwa hiyo kinachowaka ni chembe tu, na chembe zangu nimezivika kitu kinachonata kwenye uvimbe wa saratani."

"Kwa hiyo uvimbe unawaka?"

"Ukiwa mdogo kama mbegu ya ufuta, kabla kidole cha daktari hakijaugusa. Siku moja tutawapima watu hivyo. Siku hiyo bado."

Baba alimshika Karani kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama anavyoshika yai. Daktari akapitisha sindano kwenye mshipa wa mkia. Karani alilia mara moja.

"Halafu atarudi kukaa na wenzake?" Maswali aliuliza.

Aliyejibu ni Fundi Mitambo, mwenye kamera, aliyekuwa ameegemea mlango akitafuna kijiti. "Akae na nani? Kesho akishapigwa picha anapasuliwa, tuone kama picha ilisema kweli. Ulidhani yuko hapa anasubiri pensheni?" Akacheka peke yake.

"Atakuwa usingizini," Baba alisema. "Hatajua. Na huyu ana uvimbe tumboni, mwanangu. Haponi."

Maswali hakusikia neno la mwisho. Alikuwa amekwisha kuziba masikio ya moyo wake.

Alasiri Baba alitoka kwenda stoo kuchukua gunia la maranda. Ni dakika kumi, kwenda na kurudi. Maswali alichovya pamba kwenye spiriti, akafuta mistari mitatu ya Karani, akamtia ndani ya mkebe wake wa chakula uliokuwa na matundu kifunikoni. Kisha akafungua kizimba cha panya wa akiba, wale wazima wasiopangiwa kazi yoyote, akamtoa mmoja. Akamchorea mistari mitatu mkiani, akamweka mahali pa Karani. Baba aliporudi na gunia begani alimkuta binti yake anapiga hesabu za sehemu, kichwa chini.

"Leo huna maswali?"

"Sina, Baba."

Jumanne alipofika, mlango wa chumba cha picha ulikuwa wazi. Panya wa mistari mitatu alikuwa amelazwa ndani ya kisanduku cheusi, amelevywa kwa dawa ya usingizi. Fundi aliwasha ule mwanga usioonekana. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na giza. Akaongeza nguvu. Giza.

"Kamera yangu ni nzima," Fundi alisema. "Tafuteni kosa kwingine."

Daktari alimpasua yule panya. Maswali aliona mgongo wa Daktari tu, namna mabega yalivyopanda na kukaa hapohapo. "Huyu hajawahi kuugua hata mafua," alisema. "Ini safi, tumbo safi. Nimemuua mnyama mzima bure."

Wakahesabu panya wa akiba. Walipaswa kuwa kumi na mmoja, wakawa kumi, na yule mgonjwa hakuonekana kizimba chochote.

"Mzee, funguo za chumba hiki anazo nani?"

"Ninazo mimi."

"Na mistari, mchoraji nani?"

"Ni mimi, Daktari."

"Basi hongera," Fundi alisema. "Umefikia umri wa kuchanganya panya. Baada ya hapo watu huanza kuchanganya watoto wao."

Daktari alivua glavu. "Mpaka Ijumaa mchana nipate maelezo. Nikiyakosa, siwezi kukuacha humu. Kazi hii inakwenda kwa wagonjwa siku moja. Siwezi kuijenga juu ya mtu asiyejua alichokishika."

Kwenye benchi, Maswali aliandika namba ileile mara sita.

Karani aliishi ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda. Jumanne alikula mkate, Maswali akajiona mshindi. Jumatano alikula kidogo. Alhamisi asubuhi hakula, na hakukaa kitako tena. Manyoya yalimsimama, tumbo likamvimba upande mmoja kama limewekewa gololi, na kila pumzi aliivuta kwa mwili mzima. Maswali alimpa maji kwa ncha ya kitambaa. Yalitoka puani. Karani akaanza kujing'ata ubavuni, palepale, tena na tena, mpaka pakawa pekundu. Maswali alipojaribu kumzuia, alimng'ata na yeye.

Jioni hiyo, mezani, Baba hakugusa chakula.

"Kesho namwaga unga," alimwambia Mama. "Miaka kumi na minne ya kazi."

"Lakini wewe hujawahi kukosea."

"Ndivyo nilivyodhani. Nakumbuka kabisa nilivyomshika, nilivyomrudisha. Kisha najiuliza, nakumbuka au najiambia? Jana nilirudi kutoka njiani mara mbili kuangalia kama nimefunga mlango. Ulikuwa umefungwa mara zote mbili." Alitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyeazimwa vyombo asivyoviamini. "Labda akili imeanza kuniaga."

Maswali alibana kidole alichong'atwa kwenye kiganja cha mkono wa pili. Akisema ukweli, Karani anauawa. Asiposema, baba yake anafukuzwa, tena anafukuzwa akijiona amerukwa na akili. Alikwenda chumbani, akapiga magoti, akavuta boksi. Karani alikuwa analia sauti nyembamba, na hakuwa anamlilia mtu yeyote.

Asubuhi ya Ijumaa Baba alikuwa anafunga kamba za viatu pale Maswali aliposimama mbele yake na boksi mikononi.

"Nilimbadilisha mimi," alisema. "Ulipokwenda stoo. Nilifuta mistari, nikamchorea mwingine. Nilitaka asiuawe."

Baba alifungua kifuniko. Kabla hajamtazama binti yake alimtazama panya, kwa mazoea ya kazi, akamwekea kidole kimoja mgongoni.

"Hajala tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Na siku zote hizi ulikuwa unanisikia nikiongea mezani."

"Ndiyo, Baba."

Hakuinua mkono wala sauti. Ingekuwa nafuu kama angeinua kimojawapo. "Vaa viatu," alisema.

Maabara, Maswali alisema yote akiwa amesimama katikati ya chumba, bila benchi. Fundi alitoa kijiti mdomoni. "Kumbe mwizi wetu bado anabeba mkebe wa chakula."

"Mwache," Baba alisema, na Fundi akamwacha.

Daktari hakumkaripia mtu. Alimlevya Karani, akamlaza ndani ya kisanduku cheusi, akamwambia Fundi awashe. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, kisha katikati pakatokea doa la kijani, linang'aa, kubwa kama ukucha. Juu yake, kifuani, palisambaa vidoa vidogo vingi.

"Lile kubwa ndilo tulilolijua," Daktari alisema. "Hivi vidogo viko mapafuni. Ugonjwa umehama. Ndiyo sababu alikuwa hapumui vizuri. Tazama vizuri, ulikuwa unatamani kuona uvimbe ukiwaka. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu, na haifai kitu."

"Kwa nini haifai?"

"Alikula nini?"

"Mkate. Na karanga mbili."

"Alilala wapi, kwenye baridi kiasi gani? Alisumbuliwa mara ngapi? Hatujui. Siwezi kumwambia daktari wa upasuaji amkate mtu kwa kuamini panya wa chini ya kitanda." Akamgeukia. "Jumanne angelala asiamke, bila kusikia maumivu. Wewe umempa siku tatu zaidi. Umeziona zilivyokuwa."

Maswali alikuwa ameziona.

Daktari aliongeza ile dawa ya usingizi. "Unaweza kutoka nje," alisema, lakini Maswali alibaki. Ubavu mdogo ulipanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka. Haukupanda tena.

Kisha Daktari alikwenda kwenye kizimba cha akiba, akatoa panya wanne, mmoja mmoja, akawaweka kizimba cha peke yao. Walinusa pembe zote nne, wakaanza kuchimba maranda.

"Mfululizo umevunjika, inabidi nianze kundi jipya," alisema. "Hawa hawakuwa kwenye orodha. Wiki ijayo watatiwa ugonjwa."

"Wanne?" Maswali aliuliza. "Kwa ajili ya mmoja?"

"Ukimhesabu yule niliyempasua bure, ni watano."

Akamfungulia daftari la kazi, akampa kalamu. Maswali aliandika kwa mkono wake siku, saa, alichokifanya, na panya waliotumika kwa sababu hiyo. Aliandika polepole, maana Daktari alimkataza kufuta.

Baba alibaki kazini. Alipewa barua ya onyo kwa kumwacha mtoto peke yake chumbani, na Maswali akakatazwa kuvuka mlango ule tena. Daktari alimfuata Baba mpaka ukumbini. "Mzee, nilikutilia shaka. Hukuwa umechanganya kitu. Nisamehe."

"Nashukuru kwa kuniambia," Baba alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kukuamini."

Alimsindikiza binti yake mpaka shuleni. Walitembea kando ya ukuta mrefu.

"Baba, umenikasirikia?"

"Sana," alisema. "Ila si kwa kumhurumia. Mimi nawahurumia kila siku, ndiyo maana maranda yao hayalowi. Kosa lako ni kuificha huruma yako, ukaifanyia uongo. Jambo likishafichwa, hakuna mtu mzima anayeweza kulirekebisha. Jumatatu ungeniambia hutaki afe, ningekukatalia, ungelia, tukamaliza. Ulinyamaza, na maumivu yako ukawagawia wengine. Yeye akapata, mimi nikapata, na wale wanne zamu yao inakuja. Kuanzia leo, ukiwa na jambo zito, lilete. Hata ukijua jibu litakuumiza, lilete siku hiyohiyo."

"Wale wanne atawatunza nani?"

"Mimi."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Hapo ndipo Maswali alipolia, njiani, mbele za watu, na mkoba wake begani. Baba yake alisimama pembeni yake, na hakumwambia anyamaze.