Pangaboi la Mama Eulalie

Jumatatu ile Verna alikoroga maharage mekundu mpaka yakaanza kupondeka. Maharage yenyewe yalikuwa yameiva zamani. Alitaka tu mikono yake iwe na kazi.

Joto la New Orleans mwezi wa Julai halina adabu. Linaingia ndani, linakaa, wala haliagi. Na kesho mama mkwe wake, Mama Eulalie, anatoka hospitali na moyo uliochoka. Daktari alisema wazi: chumba chenye joto kitamrudisha wodini.

Mumewe, Alcide, alikuwa amenunua pangaboi lenye taa. Sasa yuko juu ya ngazi chumbani kwa mama. Ameshaishusha taa ya zamani, anachungulia nyaya darini. Nyumba yao ni ya mbao, ya tangu enzi za babu.

"Umezima umeme?" Verna aliuliza mlangoni.

"Nimezima."

"Wapi?"

"Hapo ukutani, kwenye swichi. Verna, nenda kwenye maharage yako."

Alikwenda. Akarudi. Akakaa kitandani, akainuka tena.

"Mbona waya mweupe umefungwa pamoja na mweusi?"

"Fundi wa zamani alikuwa amelewa. Mweupe hauna neno, haubebi umeme, kila mtu anajua. Naufungua."

"Alcide, usiguse. Nakuja sasa hivi."

Alitoka peku mpaka kwa jirani, Bi Odile. Mama huyu alifunga umeme kwenye meli mpaka alipostaafu. Alikuja na testa ya kupimia umeme mfukoni.

"Shuka, mwanangu."

"Bi Odile, nimeshazima."

"Nimesikia. Hata mjane wako angetuambia hivyo msibani."

Verna hakucheka. Bi Odile alipanda, akausogezea testa ule waya mweupe bila kuugusa. Testa ikawaka nyekundu. Alcide aliweka bisibisi chini taratibu.

"Lakini swichi imezimwa," alisema.

"Nyumba nyingi za zamani ziko hivi. Umeme unafika darini kwanza, ndipo unashuka kwenye swichi kwa huo waya mweupe, halafu unarudi kwenye taa kwa mwingine. Ukizima swichi, taa inazimika. Huku juu umeme bado upo. Usiamini rangi, wala swichi ya ukutani. Zima kwenye meni swichi, kisha pima."

Alcide alikwenda kuzima. Bi Odile akapima nyaya zote, testa isiwake. Ndipo akalitikisa boksi la darini. Vumbi likamwagika kitandani.

"Boksi hili lilibeba taa, na taa inatulia. Pangaboi ni zito, tena linacheza kutwa kucha. Hii misumari iliyolishika boksi italegea. Na chini yake kuna nini?"

Wote walitazama mto wa Mama Eulalie.

"Halafu kitambaa kilichofunika nyaya kinapukutika, na waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, hakuna. Mimi naishia hapa. Mwiteni fundi mwenye leseni, avute waya mpya."

"Mama anakuja kesho," Alcide alisema, na sauti yake ilikuwa ya kulia.

"Aje. Kwangu kuna kiyoyozi. Atalala kwangu mpaka mmalize, na atanisengenyea mwanawe."

Fundi alikuja siku ya pili yake. Alivuta waya mpya wenye ethi. Alikaza chuma imara kati ya boriti mbili, akafunga boksi la kubebea pangaboi. Ukutani akaweka swichi mbili, moja ya pangaboi, nyingine ya taa. Verna alimfuata nyuma nyuma siku nzima akiuliza, "Umepima?"

Hatimaye Mama Eulalie alilala chumbani kwake. Pangaboi lilizunguka bila kutikisika, pazia likapepea. Bi Odile alikuwa amekwisha kumweleza yote.

"Ile taa ya zamani aliifunga baba yako," Mama alimwambia Alcide. "Siku moja ilimtupa chini, mkono ukafa ganzi. Akasema ngazi imeteleza. Nilijua si ngazi, nikanyamaza, nisimwaibishe."

Alcide aliinamisha kichwa. Mama akamgeukia mkwewe, akamshika mkono.

"Wewe hukunyamaza, mwanangu. Asante."

Verna alikaa ukingoni mwa kitanda. Safari hii hakuinuka.