Karatasi ya Kifuani

Haya yalimpata jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na aliyenieleza ni yeye mwenyewe, kabla hajaacha kusema na watu. Asiyetaka kuamini asiamini. Mimi si wa kubembeleza mtu.

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Ladislao Asén alikunywa kahawa yake, akavaa shati la mikono mirefu, akamshika mkono shangazi yake Hermelinda, wakaenda taratibu makaburini. Kaburi la familia lilikuwa limepasuka, maji ya mvua yanaingia, na kibali cha kuhamisha mifupa kilikuwa kimetoka baada ya kuzungushwa mwezi mzima. Hapa kwetu Santa Rufina maiti hazikai ardhini milele. Baada ya miaka miwili hufukuliwa, mifupa ikapanguswa, ikawekwa kwenye sanduku dogo la saruji. Kila mtu ameshawahi kumshika bibi yake fuvu. Hakuna anayeogopa.

Mchimba kaburi, Braulio, alikuwa amekwisha kuvunja saruji walipofika.

"Mchina, umechelewa," alimwambia Ladislao; ndivyo mtaa mzima unavyomwita kwa ajili ya babu yake. "Babu yako kaniuliza mara tatu kama umekuja na sigara."

"Nyamaza ufanye kazi."

"Nanyamaza. Ila hesabu mwenyewe, usije ukasema nimemwibia. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto sikioni."

"Kililiwa na mashine ya kukamulia miwa kiwandani," alisema Hermelinda. "Bibi Tomasa, mkewe, alikuwa akisema kiwanda kilionja kidole, kikataka na mkono."

Ladislao hakucheka. Macho yake yalikuwa juu ya mbavu za babu. Palikuwa na kopo la bati, refu, jembamba, limezibwa kwa nta.

Ili mjue alichokiona, lazima niseme yeye ni nani. Ladislao alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hadi kiwanda cha sukari kilipong'olewa, na hakusoma zaidi ya darasa la tisa. Lakini kwa miaka thelathini alikusanya karatasi za Wachina walioletwa kwa meli kukata miwa: mikataba ya miaka minane, orodha za meli, matangazo ya watoro. Alizitoa jalalani, akazitoa kwenye masanduku ya wajane, nyingine alizikuta zimefungia vitunguu. Hakumdanganya mjane hata mmoja. Alimwambia kila mtu wazi, hii ni karatasi gani na kwa nini anaitaka. Mwandiko wa zamani alijifundisha mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Wasomi walitoka mji mkuu, wakanywa kahawa yake, wakanakili, wakaandika vitabu. Jina lake hawakulitaja.

Sasa alikuwa anaandaa maonyesho katika ukumbi wa Chama cha Wachina. Makabati matatu ya kioo. La katikati lilikuwa tupu, nalo lilikuwa linamla roho.

Alichokikosa ni karatasi ya uhuru. Mchina akimaliza miaka yake minane, mwenye shamba ndiye anayempa karatasi ya kuthibitisha. Mchina asiye na karatasi ni mtoro, hata kama amemaliza. Anakamatwa barabarani, anatiwa kwenye gereza la watoro, anafungwa kwa mkataba mwingine. Mabwana wengi walikuwa wakizificha makusudi. Waliozipata walizivaa kifuani hadi zikawa vumbi. Ndiyo maana hazipatikani.

Babu Asén alitumika miaka minane. Akanyimwa karatasi, akakamatwa, akatumika minane mingine. Karatasi aliyoipata mwishoni aliitia ndani ya kopo, akalining'iniza shingoni, akalala nayo, akaoga nayo, akaagiza azikwe nayo na asifukuliwe.

"Nitaichukua kwa muda," alisema Ladislao. "Unyevu utaiua."

"Rudisha," alisema shangazi.

"Shangazi, huyu amekufa karibu miaka mia. Anakwenda wapi tena?"

"Wewe ndiye unayejua matangazo yote kwa moyo, halafu unaniuliza mimi?" Bibi yule hakupandisha sauti. "Mchina bila karatasi ni mtoro. Mimi nitalazwa hapa pembeni yake, Ladislao. Nataka nilale na mtu huru."

Ladislao ana hasira za karibu, na Braulio alikuwa anatazama. Alitia kopo mfukoni. Sanduku likafunikwa, saruji ikamwagwa.

Nyumbani alifungua nta kwa kisu. Karatasi ilitoka nzima, nyeusi kwenye mikunjo tu. Mbele kulikuwa na muhuri na sahihi ya mwenye shamba, Don Ramón Urbizu, yenye mikia mirefu. Nyuma kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi ya Kichina, wima, kwa wino uliofifia. Ladislao hajui Kichina. Aliyekijua katika mkoa mzima ni Mzee Felipe Kuan wa Cárdenas, na walikuwa wamekorofishana. Kuan alimwambia mbele za watu kwamba anakusanya barua za watu asizoweza kuzisoma. Basi Ladislao aliupiga picha upande wa mbele, wenye muhuri na sahihi, kwa ajili ya bango la maonyesho. Upande wa nyuma akauacha.

Siku ya tatu, saa saba mchana, mji mzima umejilaza kwa joto, alimsikia shangazi akiita kwa sauti ndogo.

"Ladislao. Kuna mtu mlango wa nyuma."

"Anataka nini?"

"Hasemi. Anajipapasa kifua."

Alitoka. Uani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kuku, wote wamejibana ukutani, wametazama upande mmoja.

"Ni kijana," alinong'ona shangazi. "Mwembamba. Anajipapasa hivi, kama aliyepoteza kitu. Mkono wa kushoto una vidole vinne."

Ladislao alimwambia ni joto. Akaenda kupanga matangazo ya watoro, apate la kumtuliza moyo. Aliyabandika mwenyewe kwa gundi ya unga kwenye daftari kubwa, miaka ishirini iliyopita. Yalikuwa arobaini na moja. Aliyajua kama watu wanavyojua sala.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na la arobaini na mbili.

Gazeti lilelile. Herufi zilezile. Hata gundi ilikuwa ya zamani, ya manjano, imeliwa na mende pembeni.

*Ametoroka Mchina Asén, wa shamba la Santa Rufina. Mwembamba, amepungukiwa kidole mkono wa kushoto. Hana karatasi.*

Alifunga daftari. Akalifungua. Lilikuwepo.

Mchana wa pili, tena. Wa tatu, tena. Saa saba ileile. Sasa hata yeye alisikia. Panga. Linakata, linatua, linakata. Nyuma ya nyumba yake hakuna miwa. Kuna barabara ya lami na kituo cha mafuta. Halafu ikalia kengele ya kiwanda. Ladislao mwenyewe ndiye aliyeikata ile kengele kwa moto wa gesi, ikauzwa chakavu.

Alipokwenda kwenye daftari, tangazo la arobaini na tatu lilikuwa limekauka mahali pake.

*Amekamatwa Mchina Asén. Anashikiliwa gereza la watoro. Mwenye karatasi yake ailete ndani ya siku nane.*

Hakubishana tena. Alikimbia kwa Braulio.

"Fungua sanduku."

"Kwa kibali gani?"

"Braulio, nakuomba kama ndugu."

"Na mimi nakujibu kama ndugu. Juzi wamemfukuza mwenzangu kwa kufungua bila muhuri. Lete kibali." Braulio alimtazama vizuri, akaacha mzaha. "Mchina, mbona midomo imekauka? Nenda manispaa kesho."

Alikwenda. Mama mmoja nyuma ya dirisha alimwambia mwezi mmoja, akipata bahati. Siku ya pili alikwenda, siku ya tatu alikwenda. Siku ya nne alitukana, wakamtoa nje.

Siku ya saba aliketi kitandani kwa shangazi. Shangazi alikuwa ameacha kula.

"Bibi Tomasa alikuwa anawachomea wafu vitu," alisema shangazi. "Wachina wenzake babu walimfundisha. Unachokichoma ukiita jina la marehemu, kinamfikia mkononi. Nguo, tumbaku, chochote."

"Niichome?" aliuliza Ladislao. "Hakuna nyingine, shangazi. Sijaona nyingine maisha yangu yote."

"Hata yeye hana nyingine."

Lazima niseme kwa haki: aliichoma. Alikuwa na kabati tupu, na jina lake lingeandikwa chini ya kioo, na bado aliichoma. Saa saba mchana, siku ya nane, uani, ndani ya sufuria.

"Nimwite nani?" aliuliza. "Asén?"

"Hilo alipewa na karani wa meli. Wenzake walikuwa wanacheka akiitwa hivyo."

"Basi jina gani?"

"La ubatizo. Ndilo liko kanisani. Ramón Urbizu."

Walibatizwa hivyo wote. Padri aliwapanga mstari, akawapa jina la bwana wao. Ladislao alikuwa na vyeti kumi na viwili vya namna hiyo kabatini. Alikuwa anajua. Lakini mtu mwenye hofu hutumia jina lililo karibu.

Aliita mara tatu, kwa sauti, kama desturi inavyotaka.

"Ramón Urbizu, pokea karatasi hii. Ramón Urbizu, pokea. Ramón Urbizu, pokea."

Karatasi ilijikunja. Mstari wa Kichina ulibaki mwekundu kidogo, peke yake, halafu ukazimika. Upepo ulikuwa unavuma kwenda makaburini. Jivu liliinuka, likasimama hewani, likageuka. Lilikwenda kinyume cha upepo, kwenye bomba la moshi la kiwanda kilichokufa.

Panga lilinyamaza. Kuku wakatawanyika. Shangazi aliomba supu, na Ladislao alilia kwa furaha akiichota.

Kesho yake alifungua daftari.

*Mchina Asén amerudishwa kwa bwana wake, Don Ramón Urbizu, aliyeipokea karatasi ya Mchina huyo kutoka mkononi mwa mtu wa ukoo wake. Atatumika miaka minane.*

Alipanda gari la kwanza kwenda Cárdenas. Mzee Kuan alimkuta mlangoni, akamwangalia kama mtu anavyomwangalia mbwa aliyegongwa.

"Leo unataka kusomewa," alisema Kuan.

"Nyuma ya karatasi kulikuwa na mstari. Wima."

"Maneno mangapi?"

"Saba. Manane. Sikuhesabu."

"Waliopata uhuru walikuwa wanakwenda kwa mwandishi wa Chama," alisema Kuan. "Anawaandikia nyuma. Jina la ukoo, jina aliloitwa na mama yake, kijiji chake. Ili karatasi ijue inamfuata nani. Hapa kisiwani hapakuwa na mahali pengine jina hilo lilipoandikwa." Alinyoosha mkono. "Lete nisome."

Ladislao alitazama ule mkono.

"Una picha?"

"Ya mbele," alisema Ladislao.

Kuan alirudisha mkono wake, akauweka juu ya goti. Hakumcheka. Ladislao aliniambia angecheka ingekuwa afadhali.

"Na ulimwita nani?" aliuliza Kuan.

Alimwambia. Mzee yule alinyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Shangazi hakuambiwa. Lakini saa saba ile, siku ile, alisikia kengele, naye hakuwa mjinga. Alifariki wiki hiyo akiwa ameugeukia ukuta. Neno lake la mwisho kwa Ladislao lilikuwa, "Utanilaza naye hivyohivyo."

Maonyesho yalifunguliwa. Wasomi walikuja. Kwenye kabati la katikati iliwekwa ile picha ya mbele, na chini yake jina la Ladislao Asén, kwa herufi nzuri. Yeye hakuhudhuria.

Miaka miwili ilipotimia tulikwenda kumfukua Hermelinda. Nilikuwepo. Ladislao alisimama nyuma yangu. Braulio alivunja saruji ile aliyoimwaga mwenyewe, haikuwa na ufa hata wa kupitisha unywele, akafungua sanduku la babu ili ampangie shangazi nafasi pembeni.

Braulio hakutoa mzaha. Alipiga ishara ya msalaba, akasogea tuone.

Mifupa ilikuwa mahali pake, imepangwa kama Braulio alivyoiacha. Ila miguuni, kwenye mifupa ya miguu yote miwili, palikuwa na pingu. Pete mbili za chuma na mnyororo katikati, zimefungwa kwa ribiti, msumari wa chuma unaogongwa kichwa usitoke tena, si kwa kufuli. Ladislao alipiga magoti. Ni fundi wa chuma. Alitazama ribiti, akapitisha kidole juu yake, akakinusa.

"Haina kutu," alisema.

Akatuonyesha kidole. Kilikuwa na mafuta ya mashine, bado mabichi.