Mashine Nne za Kazim Pirbhai

ALKHAMISI, BAADA YA ALASIRI

"Serikali wamepiga lakiri mlango wa mbele wa ukumbi tu," alisema Kazim Pirbhai. "Wa nyuma wameutia kufuli."

"Kufuli gani?" aliuliza Shaame.

"La kawaida."

"Basi si kitu."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma, nyumbani kwa Kazim, Kiponda. Dirisha limefungwa. Joto limewaganda shingoni. Kazim alichovya kidole katika gilasi ya maji akachora juu ya meza: hapa ukumbi, hapa kichochoro, hapa Barabara ya Darajani, ndipo lori litakaposimama.

Miaka mitatu nyuma Kazim alileta mashine nne za gololi kutoka Mombasa. Kila moja ilikuwa sanduku lenye miguu na kioo juu. Ndani ya kioo gololi ya chuma inaruka baina ya taa za rangi, na mchezaji anabonyeza vifungo ubavuni asiiache ikatumbukia shimoni. Mjini hapakuwa na kitu kama kile. Watu walijipanga mpaka nje. Kisha taa zikaanza kuungua, vipuri havikupatikana, na kampuni ya Mombasa iliyomkodisha mashine ikamshtaki kortini. Kesi haijaisha, wakubwa wakasema gololi zile ni kamari. Leseni ikafutwa. Ukumbi ukafungwa. Jumatatu mashine zitachukuliwa, na hakuna aliyejua kama zitauzwa au zitavunjwa.

Hoteli moja ya Dar es Salaam ilikuwa tayari kuzipokea bila kuuliza maswali. Kazim hakuwa na kitu kingine duniani.

"Lori langu linarudi Kizimbani kila Ijumaa na magunia matupu," alisema Shaame. Alikuwa dereva wa shamba la serikali. Alipata kufungwa kwa kuvunja ghala, akatoka na jino pungufu na maneno machache. "Pale kizuizini Mtoni wananijua. Mashine chini, magunia juu. Tukifika Bububu hatukati kwenda Kizimbani. Tunanyoosha mpaka Mangapwani. Boti iko."

"Duni?" Kazim aligeuka.

Duni alikuwa fundi wa mashine zile. Alizifungua na kuzifunga mara nyingi mpaka akazijua kama vidole vyake. "Nafungua miguu, tunabeba. Mkokoteni utafika mpaka mlangoni."

"Na askari anayelinda mlango wa mbele?"

Wote wakamtazama Mwatum. Alikuwa dada yake Duni, mkubwa kwake, na ndiye aliyeuendesha ukumbi tangu siku ya kwanza. Mabaharia walevi aliwatoa nje kwa kuwashika sikio. Na leseni ilikuwa kwa jina lake, kwa sababu Kazim aliambiwa kwamba kwa jina la Kihindi la Pirbhai angengoja mpaka azeeke.

"Hamad nampelekea chai kila siku," alisema Mwatum. "Hajapata kusali Ijumaa tangu wamuweke pale. Nitamwambia nenda kasali, mimi nakushikia kiti. Atakwenda."

"Vizuri."

"Si vizuri. Akirudi, uso atakaoukumbuka ni wangu. Jina watakaloliona ni langu. Na mimi je?"

"Unatungoja kona ya Funguni," alisema Kazim. "Unapanda mbele na Shaame. Unavuka na sisi. Bi Mwatum, umenitilia jina lako. Nitakuacha vipi?"

Shaame alikuwa akifuta ile ramani ya maji kwa kiganja chake. Hakuinua macho.

IJUMAA, ADHANA

Hamad alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alitazama barabara, akatazama kiti.

"Bi Mwatum, hii amana."

"Nenda, baba. Nani ataiba mashine mbovu?"

Akacheka. Akavua viatu palepale, akavichukua mkononi, akaenda zake haraka kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Mwatum alibaki na kile kicheko. Kilimkaa vibaya. Akachukua kikapu chake, akashika njia ya Funguni bila kugeuka nyuma.

KHUTBA INAENDELEA

Maduka yamefungwa. Kichochoro kitupu. Shaame aliingiza chuma katika kufuli, akakivuta mara moja, kufuli likaachia.

Ndani kulinuka vumbi na nyaya zilizoungua. Mashine zilisimama gizani kama wagonjwa walioachwa. Duni alipiga magoti akaanza kufungua miguu. Mikono yake ilikwenda yenyewe. Ya kwanza ikatoka. Ya pili. Kazim alibeba upande mmoja akitweta, shati limemganda, na kila walipogusa ukuta alisema "taratibu, taratibu," kama mtu anayebeba maiti ya mzazi.

Ya nne ilimponyoka. Kioo kikapasuka sakafuni.

Wakasimama. Kutoka msikitini sauti ya khatibu iliendelea bila kukatika.

"Beba," alisema Shaame.

Wakazisukuma kwa mkokoteni mpaka kwenye lori, wakazilaza, wakazifunika magunia. Kazim na Duni wakajipenyeza chini, baina ya mashine na ubao wa gari. Magunia yalikuwa matupu lakini harufu ya karafuu ilikuwa imebaki, kali, inawasha macho. Lori likaguruma, likaondoka.

Duni aliweka jicho kwenye ufa wa ubao. Aliona kuta, baiskeli, mbuzi, ukuta tena. Kisha kona ya Funguni. Dada yake alikuwa amesimama pale na buibui lake, kikapu mkononi. Alipoliona lori alishuka barazani, akainua mkono.

Shaame alibadilisha gia. Lori likaongeza mwendo.

Mkono wa Mwatum ulibaki juu. Kisha ukashuka.

"Hakusimama," alisema Duni.

"Nyamaza."

"Bwana Kazim, Shaame hakusimama!"

"Duni, nisikilize." Kazim alikuwa karibu naye kiasi cha kuisikia pumzi yake. "Boti ndogo. Mke wangu Jenabai yuko kule na mtoto. Na mashine nne."

"Toa mashine moja."

Kazim akajivutia gunia kichwani.

"Toa moja, akae yeye. Nakwambia, toa moja!"

"Shaame anasema lazima wapate mtu," Kazim alisema mwishowe. "Wakimpata leo wa kumkamata, leo hawatatafuta mwingine. Sisi tutakuwa tushavuka."

"Yule dada yangu. Kakutilia jina lake."

"Najua alichonifanyia." Sauti ya Kazim ilikauka. "Zamani ningeona haya. Sasa sina tena hata hiyo haya. Wameninyang'anya kila kitu, Duni. Mashine hizi siwaachii."

Duni alijaribu kuinuka. Kazim akamkumbatia kwa nguvu, mzito, akamziba mdomo kwa kiganja. Lori lilikuwa linapunguza mwendo.

KIZUIZI CHA MTONI

"Shaame! Leo hukusali?"

"Nnakula mshahara wa serikali, bwana. Nasali nikifika."

Hatua za buti zikazunguka gari. Kitako cha bunduki kikagonga ubao mara moja, karibu kabisa na kichwa cha Duni.  Kiganja cha Kazim kilinuka jasho.

"Umechukua nini?"

"Magunia. Matupu kama tumbo langu."

Askari wakacheka. Mmoja akasema apite. Duni alisikia mti wa kizuizi ukilalamika ulipoanza kuinuliwa.

Alijua kwamba lori likivuka hapo halisimami tena mpaka baharini. Akilini alimwona tena dada yake na ule mkono uliokuwa juu. Hakupanga neno lolote kichwani. Mkono wake wa kulia ulikuwa huru, na mashine iliyopasuka kioo ilikuwa kifuani pake. Akauingiza ndani. Vigae vya kioo vikamkata. Alipapasa chini ya ubao wa taa mpaka akaipata kengele inayolia mchezaji anapopata pointi. Akakipiga kinyundo chake kwa kidole.

Ting.

Kicheko kikakatika nje.

Kazim aliuachia mdomo wake, akaushika mkono. "Duni. Mwanangu. Nakuomba."

Duni akapiga tena. Akapiga tena na tena, damu ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko, mpaka magunia yalipofunuliwa na jua likawaingia machoni.

Shaame alifungua mlango akakimbia. Hakufika mbali. Risasi moja ilimpata mguuni kando ya barabara, akaanguka kifudifudi, akabaki pale akilitukana jina la Duni na la mama yake.

BAADA YA SALA

Walishushwa kituoni wamefungwa pingu. Kazim aliingizwa chumba kingine. Alipita bila kumtazama mtu, midomo inacheza, kama anayejifunza maneno atakayosema.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa Hamad, hana kofia wala mkanda. Viatu vyake vilikuwa bado mkononi. Pembeni yake alikaa Mwatum. Shavu moja lilikuwa limevimba.

Alipomwona Duni, uso wake ulibadilika kama aliyemwagiwa maji.

"Unafanya nini huku?" alinong'ona.

"Walikuacha, dada. Mimi nikalisimamisha lori. Nimepiga kengele wakasikia."

"Wewe ndiye uliyepiga?"

"Sikuweza kukuacha peke yako."

Mlango wa ofisi ulifunguka. Sajini alikuwa ameshika simu, anapayuka: "Waambie wale wa Makunduchi warudi! Ndiyo, gari zote mbili. Hakuna lori huko. Mwanamke katudanganya. Lori limekamatwa Mtoni."

Duni alimgeukia dada yake.

"Niliwaona mkipita," alisema Mwatum. "Nikajua wameniacha. Nikajua na wewe umo ndani. Hamad aliporudi, wakanikamata pale pale Funguni. Wakanipiga, nikawaambia mmekwenda kusini, Makunduchi. Wakaniamini. Wakaenda wote."

"Dada..."

"Ungekuwa ushavuka, Duni. Mimi nlikuwa nshakubali kubaki."

Duni alitaka kumshika, lakini pingu zilimzuia. Damu kutoka kiganjani ilidondoka sakafuni baina yao. Hamad akaitazama, akavuta miguu yake pembeni isiguswe.

"Duni wa mashine!" sajini aliita.

"Naam," alijibu Duni.

Akainuka. Mwatum alikuwa amegeuzia uso wake ukutani.