Nyumba ya Kumi na Mbili Haipakani na ya Kumi na Moja

Kila asubuhi nikipakua wali na supu ya miso, mwanangu Takehiro humkaririsha binti yake anwani. Nagisa ana miaka sita. Ndiyo kwanza ameanza shule, na kwetu mtoto huenda shule kwa miguu yake, bila kusindikizwa.

"Tunakaa wapi?"

"Mtaa wa tatu, kitalu cha nane, nyumba ya kumi na mbili!"

"Safi. Huwezi kupotea."

Huwezi kupotea, kumbe! Jumatano walifunga njia ya shule, wanachimba kuweka bomba. Nagisa akazunguka. Akaiona nyumba ya kumi na moja, akafurahi, akakimbilia mlango unaofuata. Ulikuwa wa nyumba ya tatu. Mtaani kwetu namba hufuata ujenzi: nyumba iliyojengwa mwanzo ndiyo ya kwanza, hata kama iko mwisho wa barabara. Watu wazima wote tunajua, na hakuna aliyemwambia mtoto. Tulimkuta giza likiingia, ukingoni mwa mfereji, amelia mpaka sauti imekauka.

Badala ya kumkumbatia, Takehiro akafoka: "Si nilikufundisha anwani?"

Damu ilinichemka. "Koma! Umemfundisha kuimba, hukumfundisha njia!"

"Basi mama, kuanzia kesho hatembei peke yake."

"Mpaka aolewe?"

Kelele zetu zilimleta jirani, Bi Sawako, mwalimu wa chekechea. "Achore ramani," alisema. "Tembeeni naye kwanza, njia zaidi ya moja. Msimwonyeshe. Muulizeni anaona nini, na wapi pana hatari. Mkirudi, achore mwenyewe."

Jumapili tukatembea. Nyumbani, Nagisa akatandaza karatasi sakafuni. Akachora mbwa wa kinyozi, mkubwa kuliko shule. Akachora hekalu. Mfereji akaupaka rangi nyekundu.

"Mbwa gani huyu?" Takehiro alidakia, ameshashika kifutio. "Halafu kaskazini inakaa juu, siyo..."

"Weka chini hicho kifutio!" nilimkatiza. "Chora yako!"

Bi Sawako alicheka. "Baba Nagisa, mbwa ni mkubwa kwa sababu Nagisa humtazama yeye kujua njia. Muulize akifika hapo anakata kona wapi."

Akauliza, huku amenuna.

"Mkono wa kushikia vijiti vya kulia wali," alijibu Nagisa.

"Njia ikifungwa?"

Akaburuta kidole upande wa hekalu.

"Ukiogopa?"

"Naingia kwa kinyozi."

Wiki iliyopita mvua ilipiga, mfereji ukafurika. Takehiro alikuwa mlangoni anavaa viatu ili akamfuate Nagisa, analaani serikali na mawingu, nami namlaani yeye. Mara Nagisa akatokea upande wa hekalu. Amemshika mkono msichana wa darasa la juu, mrefu kumpita, anayelia kwikwi.

"Nimemkuta amepotea. Anajua anwani tu," Nagisa alisema, amekasirika kuliko mimi. "Baba yake hakumwacha achore?"

Takehiro alivua viatu. Alienda kuwaletea taulo.