Rula ya Nyuma ya Mashine

Mashine ilikuwa imezimwa, lakini namba kwenye skrini zilikuwa zinapungua.

"Mia mbili na kumi," Saadiya alisoma. "Asubuhi ilikuwa mia tatu."

"Waya umelegea, shemeji."

Tangu juzi Zaki alikuwa akifunga skrini ya vipimo kwenye mashine ya kukereza chuma ya kaka yake marehemu, Obeid. Rula ya skrini hiyo, inayopima mwendo wa mashine, ilitakiwa kukaa nyuma, pale Obeid alipofunga kifaa chake cha kuchongea ncha za shafti za boti. Saadiya alimwomba aishushe rula kidogo ili vyote viwili vikae. Zaki alikingʼoa kifaa cha marehemu akakitupa kwenye vyuma chakavu.

Tangu hapo karakana ilinuka kitambaa kilichoungua. Saadiya hakuwa mtu wa kuona majini kila kona, lakini harufu ile aliijua. Ndivyo ulivyonuka mkono wa kanzu ya Obeid Ijumaa ile, mashine ilipouvuta naye akafuata. Alizikwa kabla ya magharibi, na mpaka leo wanawe huitwa watoto wa fundi mzembe.

"Zaki, siku ile nani aliwasha umeme?"

"Mwenyewe. Alijisahau."

Mia moja na ishirini. Hakuna aliyegusa usukani wa mashine.

Zaki akacheka. "Hata mashine imechoka na maswali yako."

"Nani aliwasha?"

"Alijisahau, nimekwambia!"

Arobaini.

Sasa hakucheka. Alichomoa waya ukutani, na skrini ikabaki inawaka, na ile harufu ikazidi mpaka Saadiya akaziba pua kwa mtandio, na kutoka nyuma ya mashine, kule kulikokuwa na rula tu na ukuta, zikasikika ndara zikiburutwa taratibu kwenye sakafu, kama za mtu aliyeumia upande mmoja.

"Hiki ni kipimo cha nini?" Zaki alinongʼona.

"Wewe ndiye fundi."

Mashine ikaanza kuzunguka bila umeme. Ikamdaka mkono wa shati, ikamvuta mpaka shavu likagusa chuma.

"Ni mimi! Niliwasha mimi! Nilitaka tumalize kabla ya sala, sikutazama kama mikono yake imo ndani! Shemeji!"

Mashine ikasimama. Tano.

Saadiya hakumsogelea. Miaka miwili alikuwa akiyangoja maneno hayo, na sasa aliona hayatoshi.

"Kayaseme msikitini. Leo, baada ya alasiri, watu wote wasikie."

Zaki alilamba midomo, akatazama mlango. "Kesho, shemeji. Wallahi, kesho."

Nne. Tatu. Ndara zikaburutwa tena, zikizunguka mashine kuja upande wa Saadiya.

"Simile," sauti ikasema nyuma ya Saadiya, kwa upole, kama wachukuzi wanavyoomba ndia, wapishwe, katika vichochoro vya Amu.

Sauti ile alilala nayo kitanda kimoja miaka kumi na minne. Akakusanya buibui lake, akampisha mumewe.