Milimita Ishirini za Uongo

Kila siku saa tatu asubuhi, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alikwenda kwenye kipimo cha mvua nyuma ya ofisi ya walimu, akasoma milimita, kisha akaziandika kwa chaki kwenye ubao wa langoni. Wakulima walipita kuusoma ubao huo. Ikifika ishirini, wanapanda.

Kazi hiyo ilikuwa ya Chiriku, mpaka mwenzake Madaha alipoitamani. Usiku mmoja haikunyesha hata tone, na alfajiri Madaha akamwaga maji kipimoni kwa siri. Chiriku aliandika alichokiona, akaitwa mwongo mbele ya shule nzima. Kazi akapewa Madaha.

"Pole, dada," Madaha alimnong'oneza. "Maji yale yalikuwa yangu."

Tangu hapo Chiriku alimchukia Madaha mpaka anavyotembea. "Na yeye ataaibika," aliapa moyoni, "tena mbele ya watu walewale!"

Jumatatu aliwahi shuleni kabla ya mfagizi. Anga lilikuwa jeupe. Alimimina maji kipimoni, milimita ishirini barabara, akaenda darasani kungoja kicheko.

Lakini kabla ya saa tatu wingu likaja, likanyunyiza kidogo, likaenda zake.

"Ishirini na mbili!" Madaha akatangaza akiandika ubaoni. Kwa kuwa mvua ilionekana, hakuna aliyemshuku, akapigiwa makofi. Chiriku aliuma meno kwa hasira. Mara akasikia sauti langoni.

"Haya jamani, twendeni tukapande!"

Alikuwa mama yake, kapu la mbegu kichwani. Zilikuwa mbegu zote walizobakiwa nazo, na udongo wa shambani ulikuwa mkavu kama unga. Chiriku akisema kweli, Madaha atamcheka mara ya pili. Akinyamaza, nyumbani watalala njaa.

"Mama, usipande!" alipiga kelele. "Maji nimemwaga mimi! Mvua ni milimita mbili tu!"

Mwalimu wa jiografia akatoka ofisini. "Umefanya hivyo kwa nini?"

"Nilitaka yampate yaliyonipata mimi."

Mwalimu alimgeukia Madaha. Madaha akaangua kilio, akaeleza yote. Chiriku alifurahi, tusifichane, alifurahi sana. Kisha akamwona mama yake akishusha kapu na kulikumbatia, na furaha yote ikamwisha.

Mwalimu akafuta ubao, akaandika mbili.

"Maandiko yanasema Mungu aliupa upepo uzito wake, akayapima maji kwa kipimo, akaiwekea mvua sheria. Hapo ndipo hekima yake inapoonekana. Mawingu yote ni yake, na hapunji wala hazidishi ili kumkomoa mtu. Nyinyi tumewapa kikopo kimoja tu, mmekigeuza silaha. Kuanzia kesho mtakisoma pamoja, na kila mmoja atatia sahihi yake."

Akamshika Chiriku begani.

"Umefanya vizuri kusema. Lakini usisahau, mwanangu: ulimlenga mwenzako, nusura umpate mama yako."